Saa ya Kufika Bandarini na Foleni ya Kipaumbele: Mwongozo wa Kupanda Meli ya Utalii Marekani

Mama mkwe wangu alikuwa tayari saa kumi na moja alfajiri. Baibui limenyooshwa, mkoba begani, tasbihi mkononi, amekaa sebuleni gizani akitungoja. Kosa lilikuwa langu. Jana yake nilimtumia mke wangu ujumbe, naye akamsomea mama kama ulivyo: "Bandarini tufike saa 11." Mimi niliyekaa Houston miaka mingi nilimaanisha saa tano asubuhi. Yeye alitua kutoka Tanga wiki moja tu nyuma, na Tanga saa 11 ni saa 11. Akaswali Alfajiri, akakaa kwenye kochi, akasubiri gari.

Tangu siku ile, kila ndugu au rafiki anayenipigia kuuliza habari za kruzi, yaani safari ya meli ya utalii, naanza naye kwenye saa. Bei, chakula na mabwawa ya kuogelea atayaona kwenye matangazo. Kinachowaumiza watu ni saa, pamoja na dhana kwamba kipaumbele ni jambo la kwenda kuombea mlangoni. Mpangilio wa nani atapanda mapema na nani atakaa juani huwa umekwisha wiki kadhaa kabla, kwenye simu, wakati wengi wamelala.

Mifano mingi humu ni ya Galveston, Texas, kwa kuwa ndiyo bandari ninayoijua kwa miguu yangu. Miami, Port Canaveral na kwingineko Marekani utaratibu ni huo huo, tofauti ni ndogo.

Zijue saa nne

Safari moja ina saa nne, na ukizichanganya utajuta.

Ya kwanza ni saa ya kufunguliwa dirisha la kujiandikisha mtandaoni. Ya pili ni saa yako ya kufika bandarini, ambayo unaichagua mwenyewe ndani ya dirisha hilo. Ya tatu ni saa ya mwisho ya kupokewa teminali. Ya nne ni saa ya meli kung'oa nanga.

Watu huishika hii ya nne peke yake. Mtu anasikia meli inaondoka saa kumi jioni, anapiga hesabu afike saa tisa na nusu, kama anavyowahi boti ya Unguja pale Dar. Huku atakuta milango imefungwa na meli anaiona kwa macho, kamba zake bado zimefungwa gatini. Sheria ya Marekani inaitaka meli itume orodha ya abiria wake kwa idara ya forodha na mipaka si chini ya dakika 60 kabla ya kuondoka. Kampuni zenyewe huongeza tahadhari juu ya hapo: ipo inayofunga saa moja kabla, ipo ya saa moja na nusu, ipo ya saa mbili. Orodha ikishafungwa, yule dada wa kaunta hana la kukusaidia, hata umlilie. Kwa hiyo tafuta kwenye tiketi yako saa ya kufunga ya kampuni yako, iandike kwa wino mwekundu, hiyo nyingine ya kuondoka iache.

Na kwa sisi wa saa za Kiswahili kuna mtego mwingine. Tiketi ikisema 12:30 p.m. ni saa sita na nusu mchana; 12:30 a.m. ni saa sita na nusu usiku. Ukiwatumia wazee ujumbe, usiandike tarakimu tupu. Andika "saa tano asubuhi" kwa maneno, na neno asubuhi lisikosekane. Mimi nimeshafundishwa.

Kwa nini usipande tu ukifika

Chukua Icon of the Seas, iliyoanza safari zake Miami Januari 2024. Hubeba abiria 5,610 kwa hesabu ya watu wawili kila chumba, na ikijaa kabisa hufika 7,600. Siku ya kubadilisha abiria, meli inatia gati alfajiri, watu wa wiki iliyopita wanashuka hadi saa nne asubuhi hivi, vyumba vinasafishwa, vyakula na mafuta vinapakiwa, na maelfu wengine wanaanza kuingia kabla ya adhuhuri. Jioni ileile inaondoka. Watu wote wakijitokeza saa nne, barabara ya bandari inaziba, wanaoshuka hawatoki na wanaopanda hawaingii. Ndiyo maana unapewa kipindi cha kufika cha dakika 15, 20 au 30. Ukiona mlinzi anawarudisha waliofika mapema, usimchukie. Bandari nyingine hawasumbui, wanakupitisha tu, lakini usiijenge safari yako juu ya bahati hiyo, hasa kama una mzee au watoto na nje hakuna kivuli. Galveston mwezi wa Julai jua lake si la mchezo.

Hatua ya kwanza: dirisha la kujiandikisha

Hapa ndipo kipaumbele cha bure kilipo.

Wakati naandika haya, kampuni ya meli ya Royal Caribbean hufungua dirisha siku 45 kabla ya safari. Norwegian ni siku 21. Disney ni siku 30 kwa anayesafiri nao mara ya kwanza, na waliokwisha safiri nao hufunguliwa mapema zaidi kwa kadiri ya daraja lao. Carnival ni wiki mbili kwa abiria wa kawaida. Kampuni hubadilisha siku hizi bila kumpigia mtu ngoma, kwa hiyo ukishalipia chumba ingia kwenye akaunti yako uone tarehe yako.

Royal Caribbean na Disney hufungua saa sita usiku kwa saa za pwani ya mashariki ya Marekani. Saa nzuri, zile za saa nne na nusu hadi saa sita mchana, zinaweza kwisha mapema sana kwenye safari za likizo za shule. Aliyeamka saa mbili asubuhi na kunywa chai yake kwanza anakuta zimebaki za saa nane mchana. Ujanja wetu nyumbani ni huu: shemeji yangu yuko Dar. Saa sita usiku ya Miami ni saa moja asubuhi ya Afrika Mashariki wakati wa kiangazi cha Marekani, na saa mbili asubuhi wakati wa baridi yao. Sisi tumelala, yeye yuko kwenye daladala anabofya. Tunampa nywila ya akaunti ya safari, maelezo ya pasipoti anayo tayari, basi. Kama huna shemeji wa namna hiyo, weka kengele.

Kabla ya usiku huo uwe na vitu hivi mkononi, maana ukianza kuvitafuta ndipo nafasi zinapokwisha: pasipoti za wote watakaosafiri, namba ya viza au grini kadi (kadi ya ukaazi wa kudumu Marekani), picha ya uso ya kila mmoja yenye ukuta mweupe nyuma, kadi ya benki itakayolipia matumizi ya ndani ya meli, na jina na simu ya mtu wa kupigiwa ikitokea dharura, ambaye hayumo safarini. Picha ndiyo huwachelewesha watu. Programu ya kampuni kwenye simu inakataa picha yenye kivuli, yenye miwani, au iliyopigwa chini ya taa ya njano. Pigeni picha zote mchana wa siku iliyotangulia, mkiwa mmesimama karibu na dirisha. Mama mkwe alipigwa akiwa na mtandio wake, uso wazi, ikapita bila neno.

Ukishachagua saa, utapata tiketi ya kupandia yenye msimbo wa kuskani. Piga picha ya skrini, kisha chapisha na karatasi. Mtandao wa simu kwenye teminali yenye watu elfu tatu hauaminiki. Simu ya mzee nayo, chaji huisha palepale inapotakiwa.

Kitu kimoja kwa wanaosafiri kikundi: saa ya kufika inachaguliwa kwa kila chumba. Familia ikichukua vyumba vitatu na kila mmoja akajiandikisha kivyake, mtapata saa tatu. Walio chumba kimoja huenda pamoja, lakini bibi wa chumba cha pili atajikuta peke yake foleni nyingine. Mtu mmoja aviandikishe vyumba vyote kwa mkupuo.

Hatua ya pili: hati, kwa sisi wenye pasipoti za nyumbani

Wenyeji wa Marekani wana upendeleo ambao sisi hatuna. Raia wao, kwa safari inayoanza na kuishia bandari ileile ya Marekani, anaweza kupanda na cheti cha kuzaliwa na kitambulisho chenye picha. Usisikilize jirani anapokuambia "mimi sikuulizwa pasipoti." Wewe utaulizwa.

Mwenye grini kadi abebe kadi yenyewe na pasipoti ya nchi yake ikiwa hai. Picha ya kadi kwenye simu haitoshi.

Mgeni aliyekuja kutembea, kama mama yetu, atazame viza yake pale penye neno Entries. Ikiwa herufi M, maana yake ni kuingia mara nyingi, hana shida. Ikiwa ni namba 1, asipande. Meli ikitoka kwenda Mexico au Bahamas, ametoka Marekani. Akirudi Galveston anaingia upya, na ruhusa yake ya mara moja alishaitumia uwanja wa ndege. Kampuni itamkataa kaunta, na fedha kwa kawaida hazirudi.

Kwa Mexico, aliye na viza hai ya Marekani hahitaji viza yao. Visiwa vingine vya Karibi kila kimoja kina masharti yake, na baadhi huuliza kadi ya njano kwa mtu aliyetoka nchi yenye homa ya manjano. Kadi ni nyepesi, ibebe. Ndugu zetu wa Kongo na Burundi waliofika Marekani kama wakimbizi na bado wanatumia hati ya safari ya mkimbizi, pigeni simu kwa kampuni kabla ya kulipa hata dola moja, mtaje kila nchi ambayo meli itatia gati.

Kuna wengine hugeuzwa mlangoni kwa sababu zisizohusu pasipoti. Kampuni kubwa hazimpandishi mjamzito atakayefikisha wiki 24 kabla safari haijaisha. Zinataka barua ya daktari kwa aliye chini ya hapo. Mtoto mchanga wa chini ya miezi sita naye hapandi kwenye safari nyingi. Mtoto anayesafiri na bibi yake au mzazi mmoja, aandikiwe barua ya idhini na mzazi aliyebaki, isainiwe mbele ya wakili mthibitishaji. Huenda wasiiulize. Siku wakiiuliza utaniombea dua.

Hatua ya tatu: kipaumbele, na kama kinafaa kulipiwa

Njia za kukipata ziko nne.

Chumba kikubwa. Ukilipia vyumba vya hadhi ya juu, foleni yako ni nyingine. Kampuni ya MSC wana Yacht Club, Norwegian wana The Haven. Huko una sehemu yako ya kupokelewa, unakaa kwenye sofa, unaletewa kinywaji, halafu mtu anakusindikiza hadi ndani. Bei yake inaweza kuwa mara kadhaa ya chumba cha kawaida. Hii waachie wenyewe.

Uaminifu. Royal Caribbean inahesabu pointi moja kwa kila usiku uliolala melini, na usiku wa chumba kikubwa huhesabiwa mara mbili. Daraja la Diamond ni pointi 80, Pinnacle ni 700. Piga hesabu: safari za usiku saba, kumi na moja hazitoshi kufika Diamond. Utakutana na wazee wa Kimarekani wenye beji hizo, wanajuana kwa majina na wahudumu. Si watu wa kushindana nao.

Kununua. Carnival wanauza kitu kinachoitwa Faster to the Fun. Royal Caribbean wana The Key. Hivi viwili watu huvichanganya, kumbe havifanani. Cha Carnival kinauzwa kwa chumba, si kwa kichwa: mkiwa wanne chumbani mnalipa mara moja. Mnapanda mapema, mnaingia chumbani moja kwa moja bila kungoja mchana, mizigo yenu inaletwa mapema, na mnapata kipaumbele kwenye vile visiwa ambavyo meli inatia nanga mbali na watu wanavushwa kwa mashua. Idadi yake ni chache na huisha miezi kabla. The Key inatozwa kwa kila mtu kwa kila siku ya safari, ndani yake mna intaneti, chakula cha mchana maalumu siku ya kwanza, na viti vilivyotengwa kwenye maonyesho. Familia ya watu watano kwa siku saba, fanya mwenyewe hiyo kuzidisha, kisha ulinganishe na bei ya kununua intaneti peke yake.

Maoni yangu: cha Carnival kinalipa kama una mzee anayehitaji kulala baada ya kupanda, au mtoto wa kunyonya. Chumba kuwa tayari saa sita mchana badala ya saa saba na nusu ni neema kwa mtu wa miaka 70. Kwa vijana wawili wenye begi moja la mgongoni, fedha hiyo ni ya kutupa. Wajiandikishe dirisha linapofunguka, wachukue saa ya kwanza, wataingia nyuma ya wale wa kipaumbele kwa tofauti ya dakika ishirini au thelathini.

Njia ya nne watu huisahau au huionea haya: mahitaji maalumu. Mzee asiyeweza kusimama muda mrefu, mwenye fimbo, mwenye goti bovu, ana haki ya kuombewa kiti cha magurudumu tangu mlango wa teminali hadi ndani ya meli, bila malipo. Kiombe wakati wa kulipia au wiki chache kabla. Siku yenyewe pia unaweza kuomba, lakini utangoja viti virudi. Mama mkwe alikataa katakata. "Mimi si mgonjwa, mwanangu." Nikamwambia, mama, foleni ile ina urefu kama wa hospitali ya rufaa siku ya Jumatatu. Akakaa. Kijana aliyemsukuma alikuwa mchangamfu, wakatupita sote, tukamkuta juu anakunywa chai ya barafu na kuiponda.

Hatua ya nne: kuchagua saa

Wengi hukimbilia saa ya kwanza kabisa. Mimi nachagua ya pili au ya tatu. Saa ya kwanza inategemea meli iliyopita imemaliza kushusha watu, na kukiwa na mgonjwa au ukaguzi wa forodha ulioenda taratibu, nyinyi wa saa nne na nusu ndio mnaosimama. Saa tano hadi saa sita mchana, njia inakuwa imeshafunguka na mgahawa wa juu haujajaa.

Mwenye kutoka mbali kwa gari siku hiyohiyo achague saa saba au saa nane mchana kwa amani kabisa. Foleni zinakuwa zimepungua na chumba kiko tayari. Anachopoteza ni chakula cha mchana na saa mbili za bwawa. Asivuke hapo. Saa tisa alasiri ni kucheza na tairi lako.

Hatua ya tano: siku moja kabla

Usiruke na ndege siku ya safari. Najua hoteli ni gharama, na najua ndege ya asubuhi kutoka Minneapolis inaonekana inawahi. Ndege ikichelewa saa tatu, meli haikungoji. Kwa Galveston, uwanja wa Hobby uko kilomita 65 hivi, ule mkubwa wa George Bush uko kilomita 110 hivi, na katikati yake kuna Houston yenye foleni zake. Kisiwani unaingia kwa daraja la barabara ya I-45. Ajali moja darajani na umekwisha. Ipo njia ya San Luis Pass upande wa kusini magharibi, ya kulipia na ya kuzunguka sana, na upande wa pili ipo pantoni ya Bolivar, ambayo ni bure. Kigamboni wangeipenda.

Ukipanga kuegesha gari, lipia nafasi mtandaoni mapema. Angalia pia namba ya teminali yako. Terminal 10, inayotumiwa na Royal Caribbean tangu Novemba 2022, iko kando, mbali na teminali 25 na 28 za katikati ya mji. Dereva wa teksi akikushusha kusiko na mizigo minne, utaikumbuka siku hiyo.

Majira ya baridi, hasa Januari hadi Machi, mwulize kila mtu wa Galveston kuhusu ukungu. Maji ya ghuba yakiwa baridi na hewa ya joto ikaja juu yake, mlango wa bandari unafungwa, meli inakaa nje inangoja. Kampuni hutuma ujumbe wa simu kusogeza saa za kufika mbele. Jisajili kupokea ujumbe huo. Ukipata ujumbe unaosema usije bandarini hadi saa tisa, basi usiende. Hoteli ulikolala ni pazuri kuliko maegesho.

Hatua ya sita: siku yenyewe, mlango kwa mlango

Ukishuka garini utawaona wapagazi wenye sare na mikokoteni. Hawa ni wa bandari. Mizigo mikubwa wape wao, ikiwa na vibandiko vya meli vilivyochapishwa kutoka kwenye programu na kubanwa kwa stepla. Mpe dola mbili kwa kila begi, huo ndio utaratibu wa kawaida. Sanduku hilo utaliona tena mlangoni mwa chumba chako alasiri au usiku, kwa hiyo dawa, pasipoti, nguo ya kuogelea, nepi na chaja ziwe kwenye begi la mkononi. Nimemwona mtu amekaa na jinzi pembeni ya bwawa hadi saa mbili usiku.

Kisha mashine ya ukaguzi. Hapa ndipo tulipokwama sisi. Ofisa alimwita mama pembeni, akafungua begi, akatoa kimoja kimoja: pasi ndogo ya kunyooshea nguo, chetezo cha umeme, kopo la udi, na sambusa ishirini zilizofungwa kwenye karatasi ya foili. Pasi haziruhusiwi. Udi, ubani na mishumaa haviruhusiwi. Chakula cha kupika nyumbani hakiruhusiwi. Biskuti na karanga za dukani zilizofungwa ndizo zinazopita. Waya wa kuongezea umeme wenye kizuia mshtuko nao huchukuliwa. Kwa vitu vya umeme na vya kuwashwa sababu ni moja tu, moto, na baharini hakuna wa kumpigia simu. Pasi na chetezo viliandikiwa risiti, tukavichukua siku ya kurudi. Sambusa ziliishia kwenye pipa, na mama hajamsamehe yule ofisa mpaka leo.

Baada ya hapo ni kaunta. Kama ulimaliza kila kitu kwenye simu, kazi yao ni kuangalia pasipoti na viza kwa macho, kulinganisha uso na picha, na kukupitisha. Dakika tatu. Anayejaza fomu palepale anatumia nusu saa na kuwaudhi walio nyuma. Kisha ukumbi wa kungojea, unapewa namba ya kundi. Foleni ya kipaumbele ina kibao chake. Usijipenyeze, maana msimbo wako ukisomwa mashine inakutaja. Namba yako ikiitwa, daraja, msimbo, mlio mdogo, na uko melini.

Hatua ya saba: jambo moja kabla ya kula

Kila mtu hukimbilia ghorofa ya juu kwenye chakula. Ukiweza, anza na kituo chako cha dharura, pale mnapokusanyika meli ikipata hatari. Namba yake iko kwenye kadi yako ya kufungulia chumba. Kampuni nyingi sasa zinakuwekea maelezo kwenye simu au runinga ya chumbani, kisha unafika kituoni mwenyewe, unaonyeshwa namna ya kuvaa jaketi la kuokolea, kadi yako inaskaniwa, umemaliza. Usipoenda utatafutwa kwa kipaza sauti, jina lako likitamkwa vibaya meli nzima. Sharti la kulifanya zoezi hilo kabla ya meli kuondoka, au mara tu inapoondoka, lilianza kutumika kimataifa Januari 2015, baada ya Costa Concordia kugonga mwamba kisiwani Giglio, Italia, Januari 2012. Watu 32 walifariki, na wapo waliokuwa wamepanda siku ileile ambao zoezi lao lilikuwa halijafanyika.

Ukichelewa

Piga simu kwa kampuni ukiwa bado barabarani. Namba ya dharura iko kwenye karatasi ya tiketi, iweke kwenye simu kabla. Kama ulinunua ndege kupitia kampuni hiyohiyo ya meli, wanao wajibu fulani wa kukusaidia kuikuta mbele. Kama ulinunua mwenyewe, ni juu yako na bima yako.

Usikimbilie kuifukuzia meli bandari inayofuata bila ruhusa. Meli hizi nyingi zimesajiliwa Bahamas, Panama na kwingineko, na ipo sheria ya Marekani ya mwaka 1886 inayozikataza meli za kigeni kubeba abiria kutoka bandari moja ya Marekani hadi nyingine. Ukiikosa Miami na ukataka kuidaka Key West, bandari nyingine ya Florida, watakataa kwa sababu hiyo. Cozumel, kisiwa cha Mexico, huenda wakakubali, lakini utaruka kwa nauli yako, ukiwa na pasipoti.

Na ukishuka bandari za njiani, saa inarudi tena kukutafuta. Meli nyingi hushika saa ya melini hata nchi ikiwa na saa nyingine, na abiria hutakiwa kurudi nusu saa au saa moja kabla ya kuondoka. Cozumel haibadilishi saa mwaka mzima. Ukitoka Galveston wakati wa baridi, simu yako ikishika mtandao wa Mexico itakuwa saa moja mbele ya Galveston, utarudi mapema, hakuna hasara. Ukitoka Miami wakati wa kiangazi ni kinyume: simu itakuonyesha saa tisa alasiri wakati melini ni saa kumi. Vaa saa ya mkono isiyojua mtandao, uiweke kwa saa ya meli. Mama mkwe alikuwa nayo, ya kujaza ufunguo, ya tangu enzi za baba mkwe. Cozumel yeye ndiye aliyetuhimiza turudi, akituonyesha kioo chake kila dakika tano, na safari hiyo hakuna aliyebishana naye kuhusu saa.